Anayeinama Kifuani mwa Wande

Kilomita mia mbili na arobaini zilikuwa nyuma yake, na Wande alikuwa hata hahemi. Ndivyo ilivyotakiwa. Alishuka kwenye baiskeli mbele ya karakana ya chama cha baiskeli pale Malampaka, akanywa maji yake polepole, akakaa kwenye benchi na kunyoosha miguu kama mtu aliyetoka dukani kununua chumvi. Jua lilikuwa bado halijafika utosini.

Halafu ikaja.

Haikuwa maumivu. Ilikuwa kama mtu amemkunja pale mbavu zinapoishia, hewa ikakwama shingoni, ikakaa, kisha ikaachiwa. Akadhani imekwisha. Ikambana tena, ikamwachia. Baada ya mara tano au sita ikatulia kidogo, halafu ikaja nyingine ndefu, ya kuvuta, kama mtu anayeburuta kitu kizito huku amefunga mdomo.

Fundi Luhende alikuwa amechuchumaa anapaka mnyororo mafuta. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, ndiye aliyemfundisha Wande kila kitu tangu akiwa msichana wa kuazima baiskeli za watu.

"Wee Wande, mbona umekodoa macho kama umemeza nzi?"

"Imekuja, fundi."

"Ile ile ya jana?"

"Ile ile. Usiniongeleshe, naihesabu."

Luhende aliacha mnyororo, akafuta mikono kwenye suruali, akaleta mrija wa kupimia pumzi. "Puliza." Wande akapuliza. "Tena." Akapuliza tena. Fundi akasoma, akatikisa kichwa.

"Mapafu safi. Ungeweza kujaza tairi la trekta. Una hofu ya Mzunguko wewe, hakuna kingine."

Mzunguko ulibakiza siku kumi na mbili. Siku tisa za kulizunguka ziwa lote kwa baiskeli, nchi tatu, watu mia moja na ishirini tu wanaoruhusiwa. Wande alikuwa ameutafuta mwaka wa sita sasa, na mwaka huu ndio jina lake limeingia.

"Hofu hainibani kwa zamu," alisema. "Hii ina zamu."

Sasa, Wande alikuwa na punje mwilini, nayo ni lazima ieleweke, maana ndiyo kiini cha mambo yote. Ni kitu kidogo tu, sawa na punje ya mtama, nacho hushonwa chini ya mtulinga. Haibebi hewa. Hakuna mtu awezaye kumvutia mwenzake hewa. Inachobeba ni ile kiu ya hewa. Mtu akipanda mlima, mapafu yana kazi yao, na kichwa kina kelele zake: nakufa, simama, hewa imekwisha. Kelele huanza mapema sana, nguvu zenyewe zikiwa bado nusu. Punje huzidaka kelele hizo kabla hazijafika kichwani, ikazirusha kwa minara mpaka kwenye punje ya mtu mwingine, aliyelala kitandani kwake mbali. Huyo ndiye anayeuhisi mlima. Na kwa kuwa mwili wake umepumzika, kiu ile humpitia kama mvua ya kupita, akajifuta jasho, basi.

Watu wakawaita wapokezi. Jina halikutafutwa mbali. Usukumani mtu akitokea na mzigo kichwani humsubirii ndani. Unatoka uani kumpokea. Sheria zao zilikuwa mbili tu. Mpokezi alale muda wote wa safari, na saa nzima baada yake, mpaka punje zipoe na kujifunga. Na mpandaji na mpokezi wasijuane kamwe.

Wande alikuwa na mpokezi wake tangu Oktoba, miezi minane sasa. Tangu hapo hakuwa amejua kuhema ni nini.

Akafumba macho pale kwenye benchi, akaiacha imbane na kumwachia. Alipofumbua, akakuta mikono yake inacheza mapajani. Wa kushoto unashika, wa kulia unachomoa. Unashika, unachomoa. Aliitazama kama mikono ya mtu mwingine.

"Fundi," alisema taratibu, "huyu anachuma pamba."

"Nani anachuma pamba?"

"Mpokezi wangu. Anainama, anachuma, anainuka. Kile kirefu ni gunia, anaburuta gunia. Mimi nimezaliwa shambani, fundi, naujua mwendo huu kuliko jina langu."

Luhende hakucheka. Aliingia ndani kuwasha kioo cha kusomea punje.

*

Alisoma mistari ile kwa muda mrefu, akiisukuma juu na chini kwa kidole chenye mafuta.

"Punje ni kitu kijinga," alisema mwishowe. "Imefundishwa jambo moja tu: huku kuna anayefanya kazi, kule kuna aliyelala. Kiu yote ni ya huku. Sasa aliyelala akiamka akashika jembe, inaona vifua viwili vinafanya kazi. Haijui ipi ya nani. Inaanza kugawa. Ya huku inakwenda kule, ya kule inakuja huku."

"Tangu lini?"

"Tangu palizi ya Machi. Haijafungwa hata siku moja. Yake inakuja kwako mchana kutwa, kidogo kidogo. Ulikuwa huisikii kwa shughuli zako. Unaisikia ukitulia, baada ya safari ndefu, njia ikiwa imetanuka."

Wande alifikiri. "Lakini kuchuma pamba hakubani hivi. Nimechuma tangu nina miaka sita. Kunauma mgongo, kunachana vidole. Kifua hakubani."

Luhende alishusha kidole kwenye mistari ya chini kabisa. Wande akajua kwamba fundi ameshafika huko kabla yake.

"Mtu akiinama tu, pumzi ikakatika," alisema Luhende, "hayo si mapafu. Ni moyo. Umechoka, hausukumi sawasawa, damu inajaa kifuani. Akijikunja inambana. Mtu wa namna hiyo angejijua siku nyingi. Angeinama siku moja, akaona giza, akasema leo nina nini, akaenda kupimwa. Zipo dawa nzuri tu, akiwahiwa."

"Ila yeye hajui."

"Atajuaje? Unayebanwa ni wewe."

Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli. Wote wawili wakamngoja apite, kana kwamba angeweza kusikia.

"Kanuni inasemaje?" Wande aliuliza, ingawa aliijua.

"Inasema niandike leo. Nikiandika, punje zinafungwa saa hiyo hiyo, na yeye anachukuliwa kupimwa." Alijikuna kidevu. "Na wewe unabaki bila mpokezi. Huyu tulimpata katika vifua elfu moja na mia moja, Wande. Miezi kumi na minne. Siku kumi na mbili hatupati mwingine, na bila mpokezi hutamaliza hata siku ya pili, wenzako wote wakiwa na wao." Akashusha sauti. "Amechuma hivyo tangu Machi hajaanguka. Tukisema ziwe siku hizo kumi na mbili, na zile tisa. Kisha tunaandika, tunampeleka sisi wenyewe, kwa heshima zote."

"Ishirini na moja hizo."

"Ishirini na moja."

"Kwetu ni chache. Kwake je?"

"Sijui," alisema Luhende, na uso wake ulionyesha kweli hajui. "Mimi nimekuona ukianguka kwenye changarawe ukalia, ukapanda tena. Miaka sita. Usinitake niwe mtu wa kubonyeza hapa." Akasukuma kiti. "Anaitwa Nyanzobe. Yuko Mwalugoye. Haya, na sheria ya pili nimeivunja. Nenda ukamwone, halafu uniambie niandike au nisiandike."

"Umenitua au umenitwisha, fundi?"

"Nimekutwisha," alikiri.

*

Kesho yake mchana Wande aliliona shamba kabla ya nyumba. Wanawake sita walikuwa wametawanyika katika pamba nyeupe. Mashamba makubwa huko bondeni yalivunwa na mashine zilizojiendesha zenyewe, lakini vishamba vya nyumbani vilibaki kuwa vya mikono. Alisimama njiani ameshika baiskeli. Hakuwa amemwuliza mtu.

Mwenye kilemba chekundu aliinama; Wande akasikiliza kifua chake. Hakuhisi kitu. Mrefu wa pembeni aliinama, akainuka. Hakuhisi kitu. Mama mmoja mnene kidogo, kitenge cha njano amekifunga juu kabisa, akainama, na papo hapo kifua cha Wande kikakunjwa. Akainuka. Kikaachiwa. Mama huyo akamwambia mwenzake jambo, wakacheka, akainama tena, na Wande akashika usukani kwa mikono miwili.

Alimwona mtu akicheka kwa pumzi yake yeye Wande.

"Mwadila, mayu," alisalimu kwa Kisukuma alipofika karibu, kama mtu na mama yake.

"Mwadila, mwanangu. Karibu. Umepotea au unauza?"

"Wala, mayu. Mimi naitwa Wande. Mimi ndiye... mimi ndiye unayenipokea."

Mama Nyanzobe aliachia gunia. Alimtazama kutoka viatuni mpaka kichwani, akarudia kutoka kichwani mpaka viatuni, kisha akapiga makofi.

"Wewe! Kimbaombao hiki! Mimi miezi yote nasema, aliyenishika huyu ni dume la ng'ombe! Jamani, njooni mwone kifua changu!" Alimvuta mkono mpaka kivulini mwa turubai la kupimia pamba, akamkalisha juu ya gunia. "Sasa niambie. Jumanne ulikuwa wapi? Ulianza na mlima mrefu, wa pole, halafu ukateremka, halafu ukaja mwingine mkali kama ukuta. Nikasema huyu mtoto ana wazimu."

"Kule juu ya Ngasamo, mayu."

"Ngasamo!" alilirudia jina kama anaonja mchuzi. "Na ule wa Ijumaa, wenye vipande vipande?"

"Ule ni upepo tu. Ulikuwa unanipiga usoni."

"Kumbe ni upepo." Alifurahi sana. "Mimi baiskeli nimeisukuma miaka thelathini, imebeba pamba. Nilijaribu kuipanda siku moja nikaanguka mbele ya kaka zangu, wakacheka mwezi mzima, nikasusa. Walipopita wa chama kutafuta vifua nikawa wa kwanza kwenye foleni. Na hilo ziwa mnalokwenda, sijawahi kuliona. Nalingoja hilo."

Wande alikuwa amejipangia maneno njiani kote. Yote yalimpotea. Akaanzia penye urahisi.

"Mayu, kwani hukuambiwa ulale?"

"Nililala! Hadi Machi nililala kama walivyosema, hakuna aliyejali, mpaka wiki ya kwanza ya palizi. Siku ya pili jirani kaja na uji. Mwingine kaleta kuni. Mwanamke kulala mchana, mlango wazi, watu wafikirie nini? Jioni wakaja wazee wa kanisa kuniombea. Nikawaambia siumwi, wakasema ndiyo, ndiyo, wakaomba. Nilikunywa uji wa watu siku nne kwa ugonjwa ambao sinao, mwanangu. Aibu ikanishinda. Ya tano nikaamka, nikachukua jembe. Na nikaona naweza! Unanipanda huko nami nalima huku. Mwaka huu nina nguvu, sijapata kuona."

Hapo Wande akaona hakuna mahali pengine pa kupitia. Akamweleza. Alimweleza punje ilivyogawa, na mikono yake ilivyochuma yenyewe pale kwenye benchi, na alivyosema fundi kuhusu moyo. Hakuficha Mzunguko wala zile siku ishirini na moja.

Mama Nyanzobe alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaangalia shamba.

"Mimi sioni kitu," alisema.

"Hukioni kwa sababu ninacho mimi."

"Kinakuzuia kupanda?"

"Bado."

"Basi vizuri. Kama sikihisi mimi na wewe hakikuzuii, tulizunguke ziwa, halafu mnipeleke mnakotaka. Mimi ndiye mwenye moyo, nimekubali." Akamgusa goti. "Siku tisa, Wande. Nitalala kweli kweli safari hii, waje na uji wao."

Na hapo palikuwa pagumu kuliko mlima wowote. Mwenye moyo amekubali. Fundi amekubali. Amebaki mtu mmoja tu, na huyo mmoja ndiye anayelitaka ziwa kuliko wote. Nani angemlaumu? Angeweza kusema ahsante mayu, akapanda baiskeli yake akaenda zake, na jambo likawa limeamuliwa na mtu mzima mwenye akili zake. Alilipenda jibu hilo. Alilipenda mpaka akaliogopa. Maana mama huyu alikuwa anakubali mzigo ambao hajawahi kuushika hata kwa kidole.

"Nakuomba nusu saa, mayu," alisema. "Nusu saa ubebe ya kwako. Kisha useme tena."

"Hiyo tu? Funga."

Wande alibonyeza chini ya mtulinga wake, kama alivyofundishwa, mara tatu, mpaka akahisi kile kimlio kidogo ndani ya mfupa. Kifua chake kikawa chepesi ghafla, kikubwa, kama chumba kilichotolewa vyombo. Mama Nyanzobe alisimama akijidai, akapiga hatua mbili na kuinama kushika masikio ya gunia.

Hakuinuka.

Alibaki amekunjika, mdomo wazi, bila sauti, mkono mmoja unapapasa hewani. Wande alimdaka kwapani. Mwenye kilemba chekundu alikuja mbio, "Nyanzobe! Nyanzobe we!" wakamkalisha wima, wakamlegezea kitenge. Dakika zikapita akivuta vijipumzi vifupi vifupi, macho yamemtoka. Wande alipiga magoti kumvua viatu. Miguu ilikuwa imevimba, kamba za kandambili zimechora mifereji, na alipobonyeza kwa kidole pale juu ya kifundo shimo likabaki hapo hapo, halikurudi.

"Nilidhani viatu vimesinyaa," alisema mama yule alipopata sauti.

"Tulia, mayu."

"Hii..." Akavuta. "Hii ndiyo uliyokuwa nayo?"

"Ndiyo."

"Tangu Machi? Na milima yako juu yake?"

"Milima ulikuwa nayo wewe, mayu."

Nyanzobe alimshika uso kwa mikono yake miwili iliyokwaruzwa na vikonyo vya pamba. "Pole, mwanangu," alisema. "Pole sana. Hukuniambia, na mimi nilikuwa nacheka tu."

Wande alikuwa amejiandaa kwa hasira, hata kwa kilio. Hakuwa amejiandaa kupewa pole na mtu huyu.

Walikaa. Pumzi ya mama ikapata pahala pake, ndogo, ya juu juu. Kisha akasema, kwa utulivu, "Sasa nimeishika. Najua uzito wake. Nusu saa haijaisha, lakini nakwambia tena: fungua. Siku ishirini na moja nitazivuka. Nalitaka lile ziwa, na wewe unalitaka."

"Nalitaka, mayu. Usiku nalala nalo."

"Basi."

"Wewe umekubali, nimesikia. Mimi sijakubali." Alisema hivyo akitazama ile miguu iliyovimba. "Nikifungua, nitakuwa kila nikikanyaga nakuficha ugonjwa wako. Nitalijua hilo siku zote tisa. Sitaki kuufikia mwisho wa ziwa hivyo, na pengine nisikukute."

Mama Nyanzobe aliingiza miguu kwenye kandambili zake. Akageuka kwa mwenzake mwenye kilemba. "Ng'washi, baiskeli yako ina keria?"

Gari la wagonjwa lilikuwa ng'ambo ya mto, lingefika jioni. Hospitali ilikuwa kilomita kumi na moja, na katikati palikuwa na mlima mmoja. Walitandika gunia kwenye keria, wakampandisha, akamshika Wande kiunoni. Baiskeli ya mashindano ikabaki imeegemezwa kwenye nguzo ya turubai. Hii ya Ng'washi ilikuwa ya chuma, nzito, ikilalamika kila pedali ikizunguka.

Kwenye tambarare alijiona hodari. Mlima ulipoanza, ndipo akakumbuka kwamba hakuna anayempokea. Ile kiu iliinuka tumboni na kumjaa mpaka masikioni. Kichwa kikaanza kupiga kelele zake: simama, unakufa, hewa hakuna. Mate yakawa na ladha ya sarafu. Miezi minane alikuwa amesahau kwamba kelele hizi ni zake, ana kinywa kinachoweza kupanuka namna hii, na kifua kinachoweza kuungua. Alijua vilevile, kwa kila hatua ya pedali, kwamba na zile siku tisa ndivyo zitakavyokuwa, kama atazianza, na hatamaliza. Akasimama juu ya pedali, akasukuma.

"Unahema," alisema mama mgongoni, kwa mshangao. "Naisikia kwa nje."

Wande alikanyaga tu.

Simu ikaanza kuita kwenye mfuko wa nyuma wa fulana yake. Mikono ilikuwa imekamata usukani, na hata kama ingekuwa huru, hakuwa na pumzi ya kuzungumza. Ikaita, ikakatika, ikaita tena. Akahisi vidole vinaitoa.

"Haloo," alisema mama Nyanzobe.

Sauti ya Luhende ilisikika ndogo, ya wasiwasi. "Wande? Nambie. Niandike au nisiandike?"

"Si Wande. Wande yuko mlimani, anahema." Akavuta pumzi yake, ile fupi, mara mbili, kabla ya kupata ya kumtosha. "Hapa ni Nyanzobe wa Mwalugoye, baba. Andika."